Kivuli cha Ukutani na Ngazi Niliyoikana

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta umeketi, chai iko karibu na hakuna anayekuita, kwa sababu ni ndefu na nataka uisome bila kurukaruka. Hujambo? Na shemeji, hajambo? Goti lake bado linalalamika kila akiinuka, au ile dawa ya kuchua imelinyamazisha? Mpe salamu zangu. Sisi huku ni wazima. Wifi yako yuko salama na sauti yake haijapungua. Mjukuu wetu ameng'oka meno mawili ya mbele ndani ya wiki moja, na sasa akisema samahani unatoka upepo mwingi kuliko neno.

Najua unajiuliza kwa nini Kitinda anaandika barua wakati simu anayo. Dada, nakujua. Kwenye simu ningefika sentensi ya tatu, nawe ungekuwa umeshanikatiza, umenipa ushauri, umenisamehe na umeniaga. Barua haikatizwi. Nina jambo la kukwambia, lakini nitaanza na habari ya kile kivuli cha baraza, maana uliponiuliza mara ya mwisho nilikujibu haraka haraka, na majibu ya haraka ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Unaijua baraza yetu ya nyuma, ile inayotazama machweo. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia pale bila hodi, linakaa kwenye viti vyote, halafu linaendelea hadi jikoni. Saruji inashika moto kiasi kwamba aliye peku hutembea kwa vidole. Miaka thelathini na moja nilikaa juu ya injini ya basi, joto linanipanda kuanzia unyayo, na kila siku nilijiahidi kwamba nikistaafu nitakaa barazani kwangu alasiri nzima bila kufanya lolote la maana. Nikastaafu. Ikifika saa tisa, mimi na wifi yako tunakimbilia ndani kama watu wanaodaiwa.

Tulijaribu mambo. Tulinunua mwavuli mkubwa, wa kuchomeka kwenye meza. Upepo ukauchukua siku ya nne, tukaupata kwa jirani ukiwa umelala juu ya nguo zake alizoanika. Mimi nikapendekeza tuezeke mabati, kazi iishe. Wifi yako akakataa katakata. Alisema mabati yatatia giza jikoni mwake, yatapiga kelele mvua ikinyesha, na tena jua la asubuhi analihitaji pale pale barazani kwa kukaushia nguo. Anataka kivuli saa tisa na jua saa tatu, mahali pamoja. Nikamwambia anachotaka ni wingu la kufugwa. Hakucheka.

Wiki hiyo hiyo akarudi kutoka duka la dawa ametabasamu hadi masikio. Alikuwa ameona mbele ya duka turubai lililofungwa ukutani, lenye mikono miwili ya chuma inayojikunja kama viwiko. Muuza dawa alizungusha mpini, turubai likatoka taratibu na kufunika kibaraza chote. Akazungusha kinyume, likajiviringisha na kurudi kwenye boriti lake kama vile halijawahi kuwepo. Wifi yako alimfanya yule bwana alitoe na kulirudisha mara tatu. Akarudi na jina la karakana kwenye kipande cha karatasi.

Karakana yenyewe zamani ilikuwa ikishona mahema na maturubai ya malori. Mwenyewe ni mtu mpole, ana tabia ya kukunja mikono ya shati hata kama imeshakunjwa. Alitusikiliza, akamwita fundi wake. Akatoka nyuma mama mmoja wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mkavu, bisibisi ameichomeka kwenye nywele mahali ambapo wengine wangechomeka kitana. Pale kazini wote wanamwita Bisibisi, na yeye mwenyewe anaitikia. Ana watoto pacha, mume wake anafanya kazi mbali, na mwenye karakana alitunong'oneza kwamba mwezi huu anamfanya kuwa mkuu wa mafundi wote wa nje.

Dada, nilidhani kuchagua kitu hiki ni kusema "nataka hiki" na kutoa mkono. Thubutu. Bisibisi alituweka pale asubuhi nzima. Kwanza kitambaa. Alituonyesha kimoja kilichopakwa plastiki, kizito, kinachozuia hata mvua kubwa, akasema hicho kinafaa mbele ya duka, lakini kwa watu wanaotaka kukaa chini yake kwa saa nzima, joto litajikusanya mle mkajiona mko ndani ya sufuria iliyofunikwa. Kingine kilikuwa cha kufumwa, kinapumua. Akachukua vipande viwili vya aina hiyo, akavikata kwa mkasi na kututolea uzi. Uzi wa kwanza ulikuwa na rangi nje, katikati mweupe. Wa pili ulikuwa na rangi hadi moyoni. Akasema ule wa kwanza jua litaunyonya miaka miwili tu uwe kama shati la shule la kurithi. Alituacha tutazame.

Halafu rangi. Wifi yako tangu duka la dawa alikuwa ameshaamua: nyekundu. Bisibisi hakumbishia. Alitutoa uani, akatandaza kipande kikubwa chekundu juu ya vichwa vyetu, wavulana wawili wa karakana wakishika ncha, akamwambia wifi yako anitazame. Alinitazama, akasema naonekana kama mtu aliyechemshwa. Mimi nikamwambia na yeye ameiva vile vile. Mwanga ukipita kwenye kitambaa huchukua rangi yake, na chini ya nyekundu hata mkate unaonekana kama nyama. Tukaishia na mistari ya rangi ya mchanga na kijivu. Wifi yako mwanzoni aliiita rangi ya ofisi. Sasa anaisifia kwa wageni kana kwamba aliifuma yeye.

Tukaja kwenye mpini. Kuna vya umeme, unabonyeza kitufe, na kuna vya kuzungusha kwa mkono. Hapo sikuhitaji kushauriwa. Umeme wetu unaukumbuka, na tena, Dada, mkono uliozungusha usukani miaka yote ile unakosa kazi. Nikachukua cha mkono.

Bisibisi alikuja nyumbani mara mbili siku moja, saa nne na saa kumi, akachora kwa chaki sakafuni mahali jua linapofika. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole akitega sikio, akatafuta pale ulipo mkanda wa zege juu ya mlango, akasema hapo ndipo misumari yake itashika, kwingine ni tofali tupu. Alituambia mikono itoke mita mbili na nusu, mteremko uwe kiasi maji yasituame, na upepo ukianza kuvuma tukikunje mara moja, tusijifanye mashujaa. Nilimpenda jinsi alivyokuwa akifanya kazi. Nilimwambia wifi yako kwamba huyu angekuwa dereva, ningemkabidhi basi langu siku hiyo hiyo.

Siku ya kufunga ndiyo niliyokusimulia kwenye simu, na kwanza naiandika kama nilivyoisimulia. Boriti lilikuwa limeshapanda ukutani, kitambaa kimekaa, bado vifuniko vya pembeni. Bisibisi akaenda kwenye gari lake kuchukua kimoja. Wifi yako alikuwa jikoni. Nikaona nimfanyie mshangao: akitokeza tu, akute kivuli kimetanda. Nikatazama ukuta, nikaona uko wazi, nikashika mpini ulioko upande wa kulia, nikazungusha. Kikatoka vizuri, laini, nikawa natabasamu peke yangu. Halafu ukasikika mlio ambao sitausahau. Mkono wa kushoto ulikuwa umenasa kwenye ngazi. Kiwiko cha chuma kilipinda, kitambaa kikachanika kiasi cha shubiri mbili, na ngazi ikaanguka juu ya beseni la nguo na kulipasua. Mjukuu wetu hulichezea beseni hilo kila siku akitoka shule. Siku hiyo alikuwa bado darasani.

Bisibisi alikuja mbio. Alitazama juu, akatazama chini, hakusema neno baya. Nikamwambia mimi ngazi sikuiona kwa sababu haikuwepo, labda aliirudisha nilipogeuka. Akanijibu taratibu, "Mzee, ngazi ilikuwepo."

Nikapandisha mori. Dada, nilipandisha kama vile nimetukanwa mimi, ukoo na basi langu. Nilimuuliza kama anajua mimi ni nani, mtu aliyerudisha basi la abiria sitini kinyumenyume kwenye vichochoro ambavyo wengine hawapitishi mkokoteni, miaka thelathini na moja bila kugusa hata kioo cha mtu. Mimi nisione ngazi? Jioni nikampigia mwenye karakana. Nikamweleza kwamba fundi wake aliacha ngazi mahali pabaya na hakunitahadharisha. Wewe nilikueleza hivyo hivyo, ukacheka, ukamwita fundi wa kubahatisha. Nami nikacheka nawe.

Mwenye karakana aliomba radhi sana. Alisema ataagiza mkono mwingine, na kwamba Bisibisi kwanza atakaa ndani akikata vitambaa, kwa kuwa mteja aliyeharibiwa nyumba yake hawezi kutumiwa fundi yule yule. Habari za ukuu wa mafundi hazikutajwa tena. Nilikata simu nikiwa nimeridhika. Wifi yako alikuwa amesimama mlangoni amenisikiliza, lakini hakusema lolote, nami unajua yeye kunyamaza si kawaida yake.

Zilipita siku tisa. Siku ya kumi, asubuhi, nilikuwa nampeleka mjukuu shule kama kawaida yangu, na wifi yako alipanda nasi kwa kuwa alikuwa na shughuli njiani. Pale kwenye njia panda ya shule nilipunguza mwendo, nikatazama, nikaona barabara nyeupe, nikaingia. Wifi yako akanishika mkono na kusema simama. Nilikanyaga breki kabla sijajua kwa nini. Kioo cha kushoto kilikuwa kimesimama kiasi cha kiganja kutoka kwa muuza mikate mwenye baiskeli, kreti zimepangwa nyuma yake hadi kichwani. Mtu mrefu, Dada, na kreti zenyewe za manjano. Hakuna mahali ambapo angeweza kujificha.

Nilishusha kioo nikamfokea, nikamwambia ametokea wapi. Alinitazama kwa mshangao tu. Akasema alikuwa ananyooka na njia yake tangu kule kwenye mti, na alidhani nimemwona kwa sababu nilimtazama usoni. Mjukuu kwenye kiti cha nyuma akauliza kwa sauti yake ya upepo kama tumemgonga mjomba wa mikate. Nikasema hapana. Nikakamata usukani kwa nguvu.

Tuliporudi nyumbani wifi yako hakunigombeza. Alinikalisha kwenye kiti cha jikoni, akaniambia nikazie macho msumari ule tunaotundikia kalenda na nisiyasogeze hata akiniita. Halafu akachukua bakuli la manjano, akasimama upande wangu wa kulia, akalileta mbele polepole, akataka niseme nikiliona. Nililiona upesi. Akahamia kushoto. Nikangoja. Nikangoja tena. Nikamwambia aanze basi, chai inapoa. Hapo bakuli likajitokeza ghafla karibu na pua yangu, kana kwamba limetolewa mfukoni.

"Nilianza zamani," akasema. "Ngazi ilikuwa pale, mume wangu. Niliiona kwa dirisha la jikoni. Na mtu wa mikate alikuwa pale."

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile ya ngazi. Akasema alidhani nimeiona na nimezungusha kwa papara, na kwamba nilikuwa nakataa kwa ubishi. Aliona aibu kwa niaba yangu. Lakini mtu wa mikate alimwonyesha kitu kingine. Papara haimfanyi mtu amtazame mwenzake usoni asimwone.

Siku iliyofuata tukaenda kliniki ya macho, kwa miguu, na njia nzima alitembea kushoto kwangu bila kuambiwa. Nilisoma zile herufi za ukutani hadi mstari wa chini kabisa, nikajiona kijana. Kisha nikaambiwa niweke kidevu ndani ya chombo kama bakuli kubwa jeupe, nitazame nukta ya katikati, na kila nikiona kinuru kinamulika pembeni nibonyeze kitufe. Nilibonyeza kwa bidii. Nilipomaliza nilimwambia daktari kwamba mtihani wao ni rahisi mno, hata mjukuu wangu angeupita. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akanionyesha karatasi. Kulikuwa na duara mbili zenye nukta, na upande wa kushoto wa zote mbili ulikuwa mweusi kama uliomwagikiwa na wino. Vinuru vilimulika pale mara nyingi. Sikubonyeza hata mara moja.

Alinieleza kwamba ni presha ya macho. Haiumi wala haiwashi, na pale katikati unaendelea kusoma gazeti kama kawaida. Inakula pembeni kidogo kidogo, miaka kwa miaka. Na ubongo, kwa kuwa haupendi pengo, hulijaza kwa kile kilicho jirani: kama jirani ni ukuta, unaonyeshwa ukuta, kama ni barabara tupu, unaonyeshwa barabara tupu. Ndiyo maana ningeweza kula kiapo mahakamani kwamba ngazi haikuwepo. Ukuta mtupu niliuona kwa macho yangu, na macho yangu ndiyo yaliyonidanganya.

Kilichopotea hakirudi, Dada, nakwambia ili usinipe matumaini ya majani ya kuchemsha. Lakini kilichobaki kinalindwa, na kilichobaki ni kingi. Natia matone kila jioni. Wifi yako anasimamia kama askari wa gereza. Ufunguo wa gari nilimkabidhi siku ile ile, bila kuombwa. Leseni anayo tangu ujana wake, ila alikuwa ameniachia mimi usukani kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa dereva wa kazi. Sasa anaendesha yeye na mimi nakaa pembeni, nakanyaga breki ambayo haipo. Anakata kona vizuri kuliko nilivyotarajia. Hilo sijamwambia bado, nalihifadhi kwa siku atakapokasirika.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu ukurasa wa kwanza.

Nilikwambia Bisibisi hakunitahadharisha. Nilimwambia na mwenye karakana hivyo. Si kweli. Alipokuwa anaondoka kwenda kwenye gari aligeuka na kuniambia, "Mzee, usizungushe kwanza, ngazi bado iko." Nilimsikia, Dada. Nilimsikia vizuri kama ninavyoisikia kalamu hii. Nikatazama, nikaona ukuta mtupu, nikajiambia huyu amesahau kwamba ameshaitoa. Na kitu kilipovunjika, nilikuwa na hakika kabisa kwamba ngazi haikuwepo, basi nikaona yale maneno yake yatachanganya tu mambo. Nikayaondoa. Nikasema hakusema. Macho yangu yana ugonjwa, lakini masikio yangu ni mazima, na ulimi ni wangu. Kwa siku kumi na mbili mama wa watoto wawili alikata vitambaa gizani nyuma ya karakana kwa sababu ya neno langu moja, na mimi nilikuwa nalala usingizi.

Nilikwenda karakana kesho yake baada ya kliniki. Wifi yako alitaka kunisindikiza hadi ndani, nikamwomba abaki kwenye gari. Nilimkuta mwenye karakana na mafundi wanne, na Bisibisi yuko kwenye meza ndefu na mkasi wake. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani. Yote yalinikauka. Nikasema tu kwamba ngazi ilikuwepo, kwamba sikuiona kwa sababu ya ugonjwa ambao sikuujua, na kwamba fundi alinionya kwa maneno wazi nami nikasema hakunionya. Nikasema uharibifu wote uwe juu yangu. Mafundi waliacha kugonga. Mwenye karakana alianza kukunja mikono ya shati.

Bisibisi aliendelea kukata hadi mwisho wa mstari. Hakutaka kukiharibu kitambaa, nadhani, au alikuwa anatafuta sauti. Kisha akaweka mkasi chini.

"Mzee, kutoiona si kosa," akasema. "Kilichoniuma ni kusema sikusema. Nilianza kujiuliza mwenyewe kama kweli nilisema."

Nilimwambia anisamehe. Akauliza kama matone wamenipa ya asubuhi au ya jioni. Nikasema ya jioni. Akasema nisiruke hata siku moja, mama yake mkwe aliruka. Basi. Sijui kama huko ndiko kusamehewa. Sikutaka kumbana aniambie. Mwenye karakana alimrudisha kazi za nje pale pale mbele ya wote, na wiki hii nimesikia ule ukuu wa mafundi ameupata.

Alikuja mwenyewe kufunga mkono mpya. Kabla ya kupanda alinitafutia kiti karibu na mlango wa jikoni, akaniomba nikae na mikono niitie mfukoni hadi atakaponiita. Nilitii. Wifi yako alicheka hadi akashika ukuta. Alipomaliza, Bisibisi aliniita, akanipa mpini, akanipanga mahali pa kusimama ili niweze kugeuza kichwa chote hadi mwisho wa ukuta, kulia, kisha kushoto, kisha kushoto tena. Nikazungusha. Kivuli kikatoka polepole, mistari ya mchanga na kijivu, hadi ukingo wa alama yake ya chaki. Joto likaondoka mabegani mwangu kama mtu ameniteremshia mzigo. Tukanywa chai pale sisi watatu, saa kumi kamili, jua likiwa kali kule nje na sisi tuko kivulini bila kuguswa. Alipoaga alimpungia mkono wifi yako, na mimi pia. Tangu hapo tunakaa pale kila alasiri. Mjukuu anafanyia hesabu zake pale, wifi yako anachambua mboga, mimi sifanyi lolote la maana. Nimefurahi, Dada. Nakuandikia nikiwa mtu aliyefurahi.

Lakini sijakwambia kwa nini nimekuandikia wewe. Daktari aliniuliza kama kuna mtu katika familia aliyepoteza macho. Nikamwambia hapana, ila Baba alizeeka vibaya. Akaniuliza vibaya vipi. Nikaanza kumweleza, na nikiwa naeleza nikasikia ninachosema. Jinsi Baba alivyokuwa akigonga bega kwenye miimo ya milango, tukasema ni ubishi. Jinsi alivyokuwa anasoma barua vizuri lakini anamwaga kikombe kilicho pembeni yake, tukasema ni uzee. Jinsi alivyomalizia miaka yake minne ya mwisho ameshika bega lako, wewe ukimwongoza hadi uani na kurudi, ukiwa msichana ambaye wenzako wote walikuwa wameshaondoka nyumbani. Tulisema ni vumbi la kinu cha unga alichofanyia kazi. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, akasema si vumbi. Inatembea katika damu. Akasema ndugu zangu wote wa tumbo moja lazima wapimwe, hata kama wanaona vizuri, hasa kama wanaona vizuri. Ndugu zangu wote, Dada, umebaki wewe.

Najua utasema unaona hadi sindano. Mimi pia naiona. Najua utasema huna muda, na kuku watalishwa na nani. Shemeji atawalisha, nimeshaongea naye, na ameniahidi kutokukwambia hadi barua ifike. Kama amevunja ahadi, mnyime chai. Umeongoza mtu mmoja kwa bega lako, na ulifanya hivyo bila kunung'unika hata siku moja. Sitaki kuona siku ya wewe kutafuta bega.

Wifi yako atakuja kukuchukua Alhamisi asubuhi, saa mbili. Anaendesha yeye, mimi nitakuwa pembeni yake nikikanyaga hewa. Jina lako tumeshaliandikisha kliniki. Vaa viatu vya kutembelea, na ukiulizwa na yule daktari kama mtihani ni rahisi, nyamaza.

Nisalimie wote walioko nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na jirani yako mwenye mbuzi. Wifi yako anakukumbatia, mjukuu anakubusu na pengo lake. Mungu akuweke hadi tuonane, zimebaki siku nne tu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kitinda